John Wesley: Mtumishi Aliyegeuka Mwana

Utangulizi

Jina la John Wesley si geni masikioni mwa Wakenya. Mnamo mwaka wa 1862, mmishonari Thomas Wakefield alianzisha kituo huko Ribe, karibu na Mombasa, kwa msaada wa Johann Ludwig Krapf, yule yule ambaye sisi wanafunzi wa Kiswahili tunamfahamu kwa kamusi yake. Tangu hapo Kanisa la Methodisti limekita mizizi Pwani, Meru na kwingineko nchini. Hata hivyo, aghalabu wanaolitaja jina la Wesley humjua kama mwasisi wa dhehebu tu. Hawamjui kijana aliyemtumikia Mungu kwa bidii ya kupigiwa mfano kwa muda wa miaka 13 na bado akakosa amani ya moyo.

Kiswahili kina maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu: mtwana na mwana. Hawa wawili waliweza kuishi katika boma moja, wakala chungu kimoja na kulima shamba lile lile. Aliyewatazama kwa mbali asingeweza kuwatofautisha kwa kazi ya mikono yao. Mmoja alitii kwa kuogopa adhabu. Mwingine alitii kwa sababu pale palikuwa kwao. Maisha ya Wesley ni safari kutoka hali ile ya kwanza hadi hii ya pili, na makala haya yanakusudia kuifuata safari hiyo hatua kwa hatua.

Malezi ya Epworth

Wesley alizaliwa mwezi wa Juni mwaka wa 1703 katika kijiji cha Epworth, Uingereza. Alikuwa mtoto wa kumi na tano kati ya watoto 19 wa kasisi Samuel Wesley na mkewe Susanna, na wengi wa ndugu hao walifariki wakiwa wachanga. Susanna alikuwa mama wa kuaminika na mwalimu wa kwanza wa wanawe. Aliyaamini kwa dhati yale waliyonena wahenga, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Watoto wake walifunzwa mapema kulia kwa sauti ya chini, kula kwa saa na kutii bila kunung'unika. Kila mtoto alitengewa siku yake ya juma ya kuzungumza na mama faraghani juu ya roho yake. Siku ya John ilikuwa Alhamisi.

Usiku mmoja wa Februari 1709, nyumba yao iliteketea. John, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, alisahaulika ghorofani na akaokolewa dirishani dakika chache kabla ya paa kuporomoka. Mama yake aliamini kwamba mtoto huyo alikuwa amehifadhiwa kwa kusudi maalumu, akaazimia kuitunza roho yake kwa uangalifu zaidi. John naye alikua akijiona kama kinga kilichonyakuliwa motoni. Aliyeokolewa namna hiyo hujiona mwenye deni, na kwa muda mrefu Wesley aliishi kama mdaiwa.

Oxford na uzito wa kanuni

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 1720. Mwaka wa 1725 alitawazwa shemasi na kuanza kuandika shajara, ambamo alizihesabu saa zake kama mfanyabiashara ahesabuvyo fedha. Mwaka uliofuata aliteuliwa mhadhiri katika Chuo cha Lincoln. Mdogo wake, Charles, alikuwa amekusanya wanafunzi wachache waliosoma Maandiko na kushiriki Meza ya Bwana kila juma. John alikuwa kiongozi wao. Walifunga Jumatano na Ijumaa hadi alasiri, wakawatembelea wafungwa na kuwafunza watoto wa maskini. Wenzao waliwacheka na kuwabandika jina la Wamethodisti, yaani watu wa utaratibu kupita kiasi. Jina hilo la dhihaka ndilo lililodumu.

Hakuna awezaye kusema kwamba matendo hayo yalikuwa ya bure. Wesley alipokuwa na mapato ya pauni 30 kwa mwaka, alitumia 28 na kugawa mbili. Mapato yalipofika pauni 60, aliendelea kutumia 28 na kugawa 32. Wafungwa walifarijika na maskini walivikwa. Tatizo lilikuwa kwingine. Kila alipotimiza sharti moja, dhamiri yake ilimdai jingine. Alijua vyema alichotakiwa kufanya, ila hakujua kama alipendwa.

Bahari na Georgia

Mwezi wa Oktoba 1735, baada ya kufiwa na baba yake, Wesley aliabiri merikebu kuelekea koloni la Georgia, Marekani. Alikiri kwamba shabaha yake kuu ilikuwa kuiokoa nafsi yake mwenyewe. Januari 1736 dhoruba kali iliwapiga katikati ya bahari. Wimbi lilipasua tanga kuu na maji yakafurika sitahani. Waingereza walipiga mayowe. Kundi la Wakristo Wajerumani wa Kimoravia, waliokuwa katikati ya ibada, waliendelea kuimba zaburi pasipo kusita. Baadaye Wesley alimuuliza mmoja wao iwapo hata wanawake na watoto hawakuogopa, akajibiwa kwamba hawakuogopa kufa. Msomi huyo wa Oxford aliyejua Kigiriki na Kilatini alitambua kwamba watoto wale walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho.

Georgia yenyewe ilimfedhehesha. Aliwatwika walowezi kanuni za kanisa zilizowashinda kuzibeba. Alimpenda msichana aliyeitwa Sophy Hopkey, akasitasita kumposa, naye akaolewa na mwingine. Baadaye Wesley alimnyima ushirika mtakatifu kwa misingi ya taratibu za kanisa. Yamkini sheria ilikuwa upande wake, lakini watu waliona kisasi kilichovikwa joho. Alishtakiwa, na mwezi wa Desemba 1737 akaondoka kisirisiri. Hapa ndipo udhaifu wa dini ya sharti tupu unapojitokeza, kwani kanuni ile ile inayomwadibu mtu inaweza kugeuka fimbo mkononi mwake.

Jioni ya Mei 1738

Alirejea Uingereza akiwa amevunjika moyo. Mmoravia mwingine, Peter Böhler, alimweleza kwamba imani ni kumtumainia Kristo wala si malipo ya kazi njema. Wesley alitaka kuacha kuhubiri kwa kukosa imani hiyo. Böhler akamshauri aihubiri hadi aipate. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, alikwenda shingo upande katika mkutano mdogo kwenye Mtaa wa Aldersgate, London. Mtu mmoja alikuwa akisoma dibaji ya Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi. Ilipokaribia saa tatu kasorobo usiku, Wesley alihisi joto la ajabu moyoni, akawa na hakika kwamba Kristo alikuwa amemwondolea dhambi zake, yeye binafsi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaombea waliomtendea mabaya. Mtu aliyetoka Georgia akiwa na manung'uniko sasa aliweza kusamehe.

Kukua katika uana

Ingekuwa rahisi kuikomesha hadithi hapo, lakini ukweli hauruhusu. Usiku ule ule mashaka yalimrudia. Januari 1739 aliandika kwamba hakuwa Mkristo, na mwaka wa 1766 alimwandikia Charles barua akikana kwamba alikuwa amewahi kumpenda Mungu. Barua hiyo inatufunza kwamba upendo wa mwana haupimwi kwa joto la moyo pekee. Aliyeandika maneno hayo aliamka siku iliyofuata na kuendelea na kazi ya Babaye.

Na kazi yenyewe ilikuwa pevu. Mwezi wa Aprili 1739, mtu aliyeamini kwamba kuhubiri nje ya kanisa ni kama dhambi alisimama uwanjani karibu na Bristol na kuwahutubia watu wa kawaida, na punde wachimba makaa wa Kingswood wakawa miongoni mwa wasikilizaji wake. Inakadiriwa kwamba alisafiri kilomita 400,000 na kuhubiri zaidi ya mara 40,000. Hakuzitupa kanuni, mwaka wa 1743 aliwaandikia wafuasi wake kanuni mpya. Tofauti ni kwamba sasa zilikuwa uzio wa bustani, si kuta za gereza. Wala hakuwa malaika: ndoa yake na Mary Vazeille, waliyofunga mwaka wa 1751, ilijaa ugomvi hadi wakatengana.

Uzeeni aliyatazama upya maisha yake. Katika toleo la maandishi yake la miaka ya 1770, aliongeza maelezo kwamba wakati wa Georgia alikuwa na imani ya mtumishi ingawa hakuwa na ile ya mwana. Katika mahubiri ya mwaka wa 1788 alikwenda mbali zaidi, akakiri kwamba wahubiri wake wa mwanzo walikosea kuwatisha watu wenye imani ya utumishi. Mtumishi hakukataliwa, alialikwa tu asiishie mlangoni bali aingie ndani.

Hitimisho

Mwaka wa 1774 Wesley alichapisha kijitabu cha kulaani utumwa. Februari 1791, akiwa amesoma masimulizi ya Mwafrika Olaudah Equiano, alimwandikia mbunge William Wilberforce barua ya kumhimiza asichoke kuupinga uovu huo. Siku chache baadaye, tarehe 2 Machi 1791, aliaga dunia London akiwa na umri wa miaka 87. Inafaa kwamba barua yake ya mwisho ilitetea watumwa, kwani utumwa wa roho aliujua.

Safari yake inamgusa yeyote anayetimiza wajibu akiwa na hofu, awe kanisani, nyumbani au hata darasani. Wesley hakufikia uana kwa kuacha kutumika. Alifanya kazi nyingi zaidi baada ya 1738 kuliko kabla yake. Kilichobadilika ni mahali alipoanzia: zamani alitumika ili apate kupendwa, na baadaye alitumika kwa kuwa alipendwa.