Michelangelo na Ndugu Zake

Katika nyumba nyingi hutokea jambo lile lile. Watoto wa tumbo moja hulelewa chini ya paa moja na hula sahani moja. Halafu mmoja wao hupata mali na jina kubwa, na wengine hubaki pale walipokuwa. Tangu siku hiyo salamu hupungua na hesabu huongezeka. Aliyepata hunung'unika moyoni ya kuwa nduguze wamemfanya ng'ombe wa kukamuliwa. Wasiopata hunung'unika ya kuwa ndugu yao amewasahau. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyeonja uchungu huo kwa karibu miaka sitini, ingawa kazi ya mikono yake yatazamwa hata sasa na kila aendaye kuhiji Roma. Mtu huyo ni Michelangelo Buonarroti, mchonga sanamu, mchora picha na mjenzi. Mamia ya barua zake yamehifadhiwa, na kwa barua hizo twaijua siri ya nyumba yake kuliko tujuavyo siri za majirani zetu.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1475 huko Caprese, mji mdogo wa milimani katika Italia, ambako baba yake, Lodovico, alikuwa hakimu wa serikali kwa muda. Ukoo wao wa mji wa Firenze ulikuwa wa zamani na wenye kujivuna, lakini mali yake ilikuwa imepungua. Kilichosalia kilikuwa hasa shamba la Settignano, karibu na mji. Mama yao alifariki mwaka 1481, akaacha wana watano: Lionardo, kifungua mimba, kisha Michelangelo, Buonarroto, Giovansimone, na Gismondo aliyekuwa bado mchanga.

Michelangelo alipoonyesha ya kuwa moyo wake u katika kuchora, baba yake alikasirika. Kwake yeye, kazi ya mikono ilikuwa aibu kwa watu wa ukoo wao, na kijana akapigwa mara nyingi kwa ajili hiyo. Hata hivyo hakuacha, na mwaka 1488, akiwa na umri wa miaka 13, akapelekwa kujifunza kwa fundi Domenico Ghirlandaio. Hivyo mtoto aliyepigwa kwa kuitia nyumba aibu ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya nyumba hiyo. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa maana aliyedharauliwa utotoni, akipewa ufunguo wa ghala, mara nyingi hutoa chakula kwa mkono mmoja na lawama kwa mkono wa pili.

Mwaka 1496 alikwenda Roma. Mwaka uliofuata kaka yake Lionardo, aliyekuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alimfikia huko akiwa amekimbia Viterbo hali amenyang'anywa kanzu yake ya kitawa. Michelangelo akampa dukati moja ya dhahabu ya kumrudisha Firenze. Miaka miwili baadaye alimaliza sanamu ya Bikira Maria akimpakata Yesu aliyeteremshwa msalabani, sanamu iliyomo mpaka leo katika kanisa la Mtakatifu Petro. Mwaka 1504 akamaliza sanamu ya Daudi huko Firenze. Hakuwa bado na umri wa miaka thelathini, na jina lake lilikuwa limekwisha kuenea Italia nzima.

Basi nyumbani waliisikia sifa, wakaanza kutazama Roma kama mtu atazamavyo kisima kisichokauka. Lakini kisima hawakukiona. Alipokuwa Bologna akitengeneza sanamu kubwa ya shaba ya Papa Yulio wa Pili, Giovansimone alitaka kwenda kukaa naye. Michelangelo akamjulisha Buonarroto ya kuwa anakaa katika chumba kibaya chenye kitanda kimoja, nao hulala humo watu wanne. Mwaka 1508 Baba Mtakatifu akamtia katika kazi ya kuchora dari la Kikanisa cha Sistina. Kwa muda wa miaka minne alisimama juu ya jukwaa la mbao, shingo imepinda nyuma, rangi zikimdondokea usoni, na malipo mara kwa mara yakichelewa. Waliobaki Firenze hawakuiona shingo ile iliyopinda. Waliona fedha tu zilipofika.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1509, akapata habari ya kuwa Giovansimone amethubutu kumtisha baba yao mzee. Hasira yake ikawaka kama moto wa nyikani. Alimwandikia mdogo wake barua kali mno: kwamba vyote alivyo navyo vimetoka mkononi mwake; kwamba kwa miaka kumi na miwili ametangatanga Italia, akivumilia aibu na taabu ya kila namna kwa ajili ya kuiinua nyumba yao; na kwamba akisikia neno jingine atapanda farasi aje mwenyewe kumfundisha adabu. Hatuwezi kumlaumu mwana amteteaye baba yake. Lakini tutazame vema: katika barua ile ile ya kumtetea baba mliingia pia hesabu ya vile alivyotoa. Msaada ukisha kuandikwa katika daftari ya deni, anayeupokea huuma midomo, na shukrani hugeuka kuwa chuki ya siri.

Hata hivyo hakuacha kutoa. Tangu mwaka 1508 alikuwa amenunua nyumba katika mtaa wa Via Ghibellina, na mashamba mengine yakafuata, ili ukoo upate tena heshima yake. Nduguze, ambao Buonarroto alikuwa miongoni mwao mfanya kazi wa duka la sufu, waliahidiwa duka lao wenyewe iwapo wangengoja kwa saburi. Na mnamo mwaka 1514 akatoa dukati 1,000 kwa biashara hiyo. Mwaka 1515 Papa Leo wa Kumi alipofika Firenze, Buonarroto akapewa cheo cha heshima. Lakini biashara haikuleta utajiri uliotumainiwa, na barua za kulaumiana juu ya matumizi hazikukoma.

Mwaka 1528 tauni iliingia Firenze, na Buonarroto, ndugu aliyempenda kuliko wote, akafa. Michelangelo akawatunza mjane na watoto wake. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuoa, wala Giovansimone na Gismondo hawakuoa, tumaini lote la ukoo likabaki kwa mwana wa marehemu, aliyeitwa Lionardo kama ba'mkubwa wake mtawa. Mzee akampenda kijana huyu na kumshuku pamoja. Mwaka 1544 Michelangelo aliugua sana huko Roma, na Lionardo akafunga safari upesi kumtazama. Badala ya shukrani alipata maneno ya uchungu: ya kwamba amekuja kuangalia urithi. Labda kijana alikuja kwa upendo, labda kwa tamaa, labda kwa yote mawili. Lakini tajiri aliyeombwa fedha miaka arobaini alikuwa amepoteza uwezo wa kuipambanua sauti ya upendo na sauti ya haja. Huo ndio umaskini wa wenye mali, nao hauonekani kwa macho.

Tena alimwonea aibu Gismondo, aliyekaa Settignano akiishi kama mkulima, akifuata ng'ombe wake wa kulimia. Ilimchoma Michelangelo ya kuwa watu wamwone ndugu yake nyuma ya jembe. Nasi twastaajabu; kwa maana yeye mwenyewe, pamoja na mali yake yote, alikula kidogo, alivaa vibaya na kuishi kama fukara, na alikuwa amepigwa utotoni kwa sababu hiyo hiyo ya kuionea haya kazi ya mikono.

Sasa twafika penye neno tulilotaka hasa kulisema. Mwezi wa Januari 1548 Giovansimone alifariki, yule yule aliyeandikiwa barua ya moto. Lionardo akamwandikia mzee habari hiyo kwa maneno machache, kana kwamba ni habari nyepesi. Michelangelo, aliyekuwa na umri wa miaka 72, alimkemea. Alimkumbusha ya kuwa marehemu, vyovyote alivyokuwa, alikuwa ndugu yake, na hawezi kukosa kumlilia. Akataka kujua amekufaje: je, alitubu? Je, alipokea Sakramenti? Akataka pia litendwe jambo kwa ajili ya roho yake, kama lilivyotendwa kwa roho ya Buonarroto. Juu ya fedha zilizopotea, juu ya kosa la mwaka 1509, hakuuliza. Daftari la deni lilikuwa limefungwa. Na Gismondo alipofariki mwaka 1555, mzee alihuzunika sana, lakini akamshukuru Mungu kwa kuwa mkulima yule alikufa akiwa na akili zake timamu na kwa Sakramenti zote.

Michelangelo mwenyewe alifariki Roma tarehe 18 Februari 1564, akiwa na umri wa miaka 88. Kwa miaka yake ya mwisho alisimamia ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro bila kupokea mshahara wa kazi hiyo, kwa ajili ya mapendo ya Mungu. Katika saa yake ya mwisho walikuwapo marafiki, mtumishi na matabibu; wa damu yake hakuwapo hata mmoja, kwa maana Lionardo alifika baada ya siku chache. Katika nyumba ile ya kimaskini likaonekana sanduku lenye dukati zaidi ya 8,000. Mwili wake ulipelekwa Firenze, ukazikwa katika kanisa la Santa Croce.

Wasomaji wetu, hatukuyaandika haya ili kumhukumu mtu ambaye Kanisa lamshukuru kwa kazi zake. Twayaandika kwa sababu mioyo ya watu haibadiliki upesi. Uliyebarikiwa kuliko nduguzo, toa uwezacho, na usichoweza ukikatae kwa maneno ya upole. Lakini usitoe kisha ukahesabu. Nawe uliyebaki nyumbani, kabla ya kuandika haja yako, uliza kwanza juu ya afya ya ndugu yako na kazi yake, kwa maana hujui shingo yake imepinda namna gani. Wazee wetu walisema ya kuwa ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, na wakipatana tuchukue kikapu tukavune. Maana yake ni kwamba ugomvi wa ndugu si wa kudumu. Michelangelo alimlilia Giovansimone kwa moyo wote, lakini alimlilia akiwa kaburini. Sisi ambao ndugu zetu wangali hai, tusingoje mpaka hapo.