Maisha ya Dakta Williamson wa Mwadui

Mkulima wa pamba wa Shinyanga hahitaji kuelezwa Mwadui ni wapi. Lakini wengi wetu tulizaliwa baada ya kufa yule aliyeugundua mgodi huo, na habari zake twazisikia nusunusu tu. Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, tumeona yafaa kusimulia maisha yake kwa ufupi, kwa kuwa mna fundisho kwa kila apelekaye pamba yake mizanini.

John Thorburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Alisomea elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, hata akapata shahada ya udaktari. Kisha alikuja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na baadaye katika machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini ya Mwanza.

Alipoacha kazi ya kuajiriwa, taabu zilianza. Alizunguka Usukuma miaka kadhaa akichimba mashimo na kuchekecha changarawe, na fedha zikamwishia. Aliyemfadhili ni I. C. Chopra, wakili wa Mwanza, ambaye baadaye alipata hisa katika mgodi. Mwaka 1940 Williamson aliipata almasi ya Mwadui. Mwamba wenye almasi hapo umeenea hekta 146 hivi, nao ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54 na nusu, naye akamtunukia Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, kwa arusi yake.

Jambo linalotuhusu sana sisi ni lile la bei. Siku zile karibu almasi zote za dunia zilipitia mikononi mwa wanunuzi wa London walioungana. Williamson alipoona bei yao haimridhishi, alizuia mawe yake akayaweka akiba, mpaka wakakubali kupatana naye. Aliweza kungoja kwa sababu almasi haiozi, wala hakuna mwingine aliyekuwa na mgodi kama wake. Mkulima mmoja mwenye magunia machache ya pamba, ada ya shule ikimdai na njaa ikibisha hodi, atangoja na nani? Ndiyo maana wazee wetu waliungana, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria likaundwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Nguvu aliyokuwa nayo Williamson peke yake, wao waliipata kwa wingi wao.

Tusimnyime haki yake. Alijenga mji wenye nyumba, hospitali, shule, maji na umeme. Lakini mji huo ulikuwa ndani ya ua, na mishahara ilifuata rangi ya mtu, kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni. Wakulima walioishi nje ya ua waliziona taa zake usiku, nao wakarudi kwenye vibatari vyao. Wema wa tajiri ulifika pale alipotaka ufike, na hapakuwa na mkutano mkuu wa kumwuliza hesabu.

Williamson alifariki tarehe 8 Januari 1958, akiwa na miaka 50, kwa ugonjwa wa saratani ya koo. Hakuacha mke wala mtoto. Ndugu zake walirithi mali, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa, nusu kwa Serikali ya Tanganyika na nusu kwa kampuni ya De Beers. Hapo ndipo hazina ya umma ilipopata hisa yake katika utajiri wa ardhi ile, miaka 18 baada ya kugunduliwa.

Wanachama wenzetu, mali ya mtu mmoja hubadili mwenyewe siku anapokufa, na jirani hana la kusema. Mali ya ushirika haina msiba wa namna hiyo, ila ina hatari yake: hufa wanachama wasipohudhuria mikutano, na viongozi wasipofungua vitabu vya hesabu. Kwa hiyo katika miaka 10 ijayo tuje mkutanoni, tuulize, na tujibiwe.