Maisha ya Imamu Shafi na Safari Zake za Kutafuta Elimu

Bismillahi Rahmani Rahim.

KUZALIWA KWAKE

Jina lake ni Muhammad bin Idris. Ni Mkureishi, na nasaba yake hukutana na ya Mtume S.A.W. kwa Abdu Manaf. Alizaliwa Ghaza, katika nchi ya Sham, kwa kauli iliyo mashuhuri, mwaka 150 Hijria (767), mwaka aliofariki Imamu Abu Hanifa. Baba yake alikufa yeye akingali mchanga. Alipotimia miaka miwili mama yake akamchukua mpaka Makka, asije akapotea na jamaa zake.

KUSOMA KWAKE

Mama yule hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Lakini mtoto alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, na mwalimu akiondoka yeye ndiye aliyewasomesha wenziwe. Basi mwalimu akaridhika na kazi hiyo badala ya ujira. Alihitimu Kurani naye ni wa miaka saba. Karatasi hakuziweza, akawa akiandika juu ya mifupa na kuitia mtungini. Kisha akatoka akakaa na Waarabu wa kabila la Hudhail, akajifunza lugha yao safi, mashairi yao na kutupa mishale. Aliporudi alisoma fikihi kwa Muslim bin Khalid Az-Zanji, Mufti wa Makka. Hamu yake ikawa kumwona Imamu Malik; akaihifadhi Muwatta kwanza, ndipo akaenda Madina, akasoma kwake hata Malik alipofariki mwaka 179 (795).

MTIHANI WAKE

Hapo umasikini ulimlemea, akakubali kazi ya serikali Yaman. Husimuliwa kuwa hakuwa hata na nauli, mpaka nyumba ikawekwa rehani. Alihukumu kwa uadilifu huko Najran, akakataa kurubuniwa. Wakubwa wakamchukia, wakamsingizia kuwa yu pamoja na Maalawi wanaotaka kumpindua Khalifa. Mwaka 184 (800) alifungwa minyororo akapelekwa na wenziwe mbele ya Harun Rashid. Wenziwe wakauawa. Yeye Mwenyezi Mungu alimwokoa kwa ufasaha wa hoja zake na kwa ushahidi mwema wa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa.

Tazama, ewe ndugu, jinsi shari ilivyogeuka kheri. Cheo kilikuwa kimemwondoa kwenye kusudi lake, na minyororo ikamrudisha. Hakutaka kazi ya serikali tena. Alisoma kwa huyo huyo Muhammad bin Hasan, akanakili vitabu vyake mpaka vikawa mzigo wa ngamia. Hivyo elimu ya watu wa Hijazi na ya watu wa Iraq ikakutana katika kifua kimoja.

VITABU VYAKE

Alirejea Makka akasomesha Msikitini, na Ahmad bin Hanbal akawa miongoni mwa waliomsikiliza. Mwaka 195 alikwenda Baghdad akaeneza madhehebu yake ya kale. Kisha akahamia Misri mwaka 199. Umri ulikuwa umekwenda, na jina lake limekwisha vuma. Angeweza kustarehe juu ya aliyokwisha kuyaandika. Bali aliyapima upya, akaiandika tena Risala, akaacha kauli nyingi alizozisema Iraq pale alipoona dalili iliyo na nguvu zaidi. Hiyo ndiyo madhehebu mpya, nayo imo katika kitabu chake Al-Umm, alichokipokea Rabii Al-Muradi.

KUFA KWAKE

Ugonjwa wa bawasiri ulimdhoofisha, wala hakuacha kusomesha. Alifariki Misri mwishoni mwa Rajabu mwaka 204 (820), umri wake miaka 54, akazikwa Karafa. Madhehebu yake yalivuka bahari. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Mashafi.

Basi mwenye kutamani jambo kubwa na ajue: ufukara si udhuru, cheo huweza kuwa kizuizi, na kuiacha kauli yako kwa ajili ya haki si aibu. Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu, na awape Waislamu hima mfano wa hima yake. Amin.