Giuseppe Mazzini: Mkimbizi aliyegundua kuwa barua zake zinafunguliwa

Ukimtumia ndugu yako ujumbe kwa WhatsApp, ujumbe huo husafiri ukiwa umefungwa kwa msimbo, na hufunguka kwenye simu yake tu. Serikali kadhaa duniani zinataka kupewa njia ya kuufungua. Mvutano huu haukuanza na simu. Leo tunamtazama Giuseppe Mazzini, Mwitalia aliyekumbana nao zaidi ya miaka 180 iliyopita, wakati kufuli la ujumbe lilikuwa lakiri iliyomiminwa juu ya karatasi.

Mazzini alizaliwa mwaka 1805 mjini Genoa, mtoto wa daktari. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Iligawanyika katika dola ndogondogo, na sehemu ya kaskazini ilikuwa chini ya Austria. Yeye alitaka Italia moja, huru, isiyo na mfalme. Alitiwa gerezani mwaka 1830, kisha akaenda uhamishoni Ufaransa, ambako mwaka 1831 alianzisha chama cha siri kilichoitwa Italia Changa. Mwaka 1833 alihukumiwa kifo bila yeye mwenyewe kuwepo mahakamani.

Mwaka 1837 alifika London. Aliishi kwa dhiki, akiandika makala magazetini, na mwaka 1841 alifungua shule ya bure ya jioni kwa watoto maskini wa Kiitalia. Lakini kazi yake kubwa aliifanya kwa barua, akiwaandikia wenzake waliotawanyika nchi mbalimbali.

Mwanzoni mwa mwaka 1844 aliona jambo lisilo la kawaida. Barua zake zilichelewa, na nyingine zilikuwa na mihuri miwili ya posta, mmoja umegongwa juu ya mwingine. Basi yeye na rafiki zake wakatega mtego. Walituma barua kwa anwani yake wakiwa wamekunja ndani punje za mbegu, chembe za mchanga na nywele. Bahasha zilifika zimefungwa vizuri, lakini vilivyokuwamo ndani havikuwamo tena. Kuna mtu alizifungua, akazisoma, akazifunga upya.

Mwezi Juni mbunge Thomas Duncombe aliwasilisha malalamiko Bungeni. Ikabainika kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, ndiye aliyetia saini kibali, na kwamba baadhi ya yaliyosomwa yalifikishwa kwa Austria. Waingereza wengi walikasirika, hata wasiokubaliana na siasa za Mazzini.

Julai mwaka huohuo, ndugu wawili wa familia ya Bandiera waliokuwa wakiandikiana na Mazzini walipigwa risasi kusini mwa Italia pamoja na wenzao saba, baada ya jaribio lao la uasi kushindwa. Wengi waliitupia lawama serikali ya Uingereza. Yenyewe ilishikilia kwamba habari ilizotoa hazikumhatarisha mtu.

Ofisi ya siri ya posta iliyofungua barua ilivunjwa mwaka huo, pamoja na ile iliyofumbua maandishi ya mafumbo. Hata hivyo, mamlaka ya waziri kutoa kibali yalibaki katika sheria. Na mwaka 2016 nchi hiyohiyo ilipitisha sheria inayoiruhusu serikali kuyaagiza makampuni ya mawasiliano yaondoe ulinzi yaliouweka kwenye ujumbe wa wateja wao.

Mwaka 1849 Mazzini alikuwa mmoja wa viongozi watatu wa Jamhuri ya Roma, iliyodumu miezi michache kabla ya kuangushwa na jeshi la Ufaransa. Italia iliungana mwaka 1861, lakini chini ya mfalme. Alifariki mjini Pisa, Machi 1872, nyumbani kwa rafiki zake, akiishi kwa jina la bandia katika nchi aliyoipigania.

Serikali husema zinahitaji kuona ujumbe ili kuwakamata wahalifu, na kweli wahalifu wapo. Lakini Mazzini alikuwa na punje za mchanga za kumwonyesha kuwa amesomwa. Ujumbe wa simu ukinakiliwa njiani, mwenye simu haoni dalili yoyote. Ndiyo maana inafaa tuulize mapema, sheria inapoandikwa: nani atatoa kibali, kwa sababu gani, na nani atamkagua?