Mbaraka Mwinshehe, Super Volcano na wimbo "Shida"

Katika zilipendwa, "Shida" ni wimbo usiohitaji kutambulishwa. Gitaa likianza tu, mzee wa Kiegei na kijana wa Ruangwa wote wanajua ni Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba bendi hiyo aliiongoza kwa miaka michache tu, na alifariki akiwa na miaka 34.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 Mzenga, wilayani Kisarawe, akakulia Morogoro. Morogoro ya wakati ule ilikuwa mji wa muziki hasa. Huku Salum Abdallah na Cuban Marimba, kule Morogoro Jazz, na kila bendi ina washabiki wake wasiotaka kusikia habari za wenzao. Mbaraka aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Bendi yenyewe ilianzishwa 1944, kwa hiyo kijana na bendi walikuwa rika moja. Hakuchelewa kuwa mhimili wake: anatunga, anaimba, anapiga gitaa la solo. Watu wakampachika jina la Soloist National. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70, safari ambayo bendi chache sana za hapa nchini zingeiota.

Mwaka 1973 akaondoka. Kuondoka wakati ule hakukuwa jambo dogo. Bendi nyingi zilikuwa za chama, jeshi, shirika la umma, klabu au tajiri mwenye vyombo. Mwanamuziki akihama, aliacha gitaa na jina la bendi, akabaki na kipaji chake tu. Mbaraka alianza upya na Super Volcano, bendi aliyoiongoza mwenyewe, na mtindo wao ukaitwa Masika.

Bendi ilipata jina kwa njia mbili. Ya kwanza ni Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi kwenye studio yake kwa ajili ya kupiga hewani. Kwa mtu wa Nachingwea mwenye redio ya betri, hapo ndipo dansi lilipopatikana. Ya pili ni santuri, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Huko ndiko "Shida" ilikotolewa na kampuni ya Polygram, katika miaka ya mwisho ya uhai wa Mbaraka. Ni wimbo wa mtu anayeandamwa na dhiki, umeimbwa taratibu, bila kelele wala kulaumu sana. Nadhani ndiyo maana umewaingia watu wa kila hali: mkulima aliyekosa bei ya mazao na karani aliyeishiwa kabla ya mwisho wa mwezi wote waliuchukua kuwa wao.

Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, lakini washabiki wake upande wa pili hawakupungua. Januari 1979 alikuwa Mombasa. Akapata ajali ya gari na kufariki huko huko. Salum Abdallah naye alikufa kwa ajali ya gari, mwaka 1965, kwa hiyo Morogoro ilipoteza wakubwa wake wawili kwa barabara. Nchi ilikuwa katikati ya vita na Idi Amin, watu masikio yao yako redioni wakingoja habari za Kagera, na habari ya Mbaraka ikaingia humo humo.

Super Volcano haikurudia kishindo chake. Mtunzi, mwimbaji na solo walikuwa mtu mmoja, na nafasi tatu hazijazwi kwa kuajiri kijana mmoja. Polygram ilikusanya nyimbo zake na kuzitoa tena kwenye santuri zilizoitwa Ukumbusho. Kutoka hapo zikahamia kwenye kaseti, na kutoka kwenye kaseti zikaingia kwenye kadi za simu, ambako wengi wenu mnazo sasa hivi.