Bill Wilson: mfanyabiashara aliyekwama mbali na nyumbani

Mfanyabiashara aliyewahi kulala Gitaza, katika komuni ya Muhuta, kwa sababu udongo wa mlimani umeifunga barabara ya Bujumbura na Rumonge, anaijua jioni ya namna hiyo. Mawese yamebaki njiani, mteja anapiga simu kila saa, mfukoni zimebaki faranga chache, na baa ya jirani imeshafungulia muziki. Jumamosi ya tarehe 11 Mei 1935, jioni kama hiyo ilimkuta William Griffith Wilson, maarufu kama Bill W., katika mji wa Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani. Kwake yeye, kilichoporomoka kilikuwa biashara.

Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 East Dorset, kijiji cha Vermont, katika hoteli ya bibi yake. Wazazi wake walipoachana, alilelewa na babu na bibi mzaa mama. Glasi ya kwanza aliinywa mwaka 1917 akiwa afisa kijana wa jeshi, kwenye karamu ambako aliona haya kusimama na watu wakubwa. Haya ikamtoka, akadhani amepata dawa.

Baada ya vita aliingia kwenye biashara ya hisa New York. Hakuwa mjinga. Wenzake waliponunua hisa kwa kusikia uvumi, yeye na mkewe Lois walipanda pikipiki wakazunguka viwandani kujionea mali kwa macho, kama mchuuzi makini anavyofungua gunia kabla ya kulipa. Fedha zikaja, pombe nayo ikazidi. Soko la hisa lilipoanguka mwaka 1929 alibaki na madeni, na Lois ndiye aliyelisha nyumba kwa mshahara wa dukani. Wilson aliapa kuacha mara nyingi, akaandika hata ahadi, na kila mara akarudi kwenye chupa.

Mwishoni mwa 1934 rafiki yake wa zamani wa kunywa naye, Ebby Thacher, alimtembelea akiwa mkavu. Hakumhubiria sana; alimsimulia tu yaliyompata. Desemba hiyo Wilson alilazwa kwa mara ya nne katika hospitali ya Towns, New York, chini ya Daktari William Silkworth, aliyeuona ulevi kuwa ugonjwa. Hakunywa tena. Kulazwa kwake si jambo la kupita haraka: mnywaji wa siku nyingi akikata pombe ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Anayeanza na aanzie kwa mganga wa kituo cha afya.

Miezi mitano baadaye alikwenda Akron kupigania udhibiti wa kampuni moja ya mashine za mpira. Akashindwa. Wenzake wakaondoka, naye akabaki katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, upande mmoja baa yenye vicheko, upande wa pili simu na orodha ya makanisa. Alichagua simu. Hapo ndipo maisha yake yanapotofautiana na ya walevi wengi waliotubu: hakumtafuta mtu wa kumwombea wala wa kumpa nauli, alitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Alikuwa ametambua kwamba akiongea na mlevi mwenzake, hata kama huyo haachi, yeye mwenyewe anapita siku bila kunywa.

Mchungaji mmoja alimpa majina ya watu, simu zikafuatana, mpaka akampata Henrietta Seiberling, na kesho yake mama huyo akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith. Smith, mikono ikimtetemeka, alikuja kwa shingo upande akisema atakaa robo saa. Waliongea zaidi ya saa sita. Baadaye Smith alianguka tena safarini, akiwa mkutanoni Atlantic City, kisha akanywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Wa tatu walimkuta hospitalini, mwanasheria Bill Dotson, aliyefungwa kitandani kwa kuwapiga wauguzi.

Kikundi kilikuwa ni hicho tu: watu wawili, kisha watatu, sebuleni kwa mtu, bila ada. Nyumba ya Wilson huko Brooklyn ikawa ya mikutano kabla ya yeye na Lois kuipoteza mwaka 1939, wakahamahama mara zaidi ya 50 katika miaka miwili. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chenye hatua zao 12. Leo mikutano ya aina hiyo ipo hata Nairobi. Kwingine aliye na haja hana budi kuuliza kama Wilson alivyouliza: kwa padri, kwa imamu, kwa mganga, mwaloni kwa yule mvuvi ambaye watu wanajua aliacha.

Lois naye, mwaka 1951, alishiriki kuanzisha vikundi vya jamaa za walevi. Wilson alikataa shahada ya heshima ya chuo kikuu cha Yale, akilinda desturi ya kutotangaza majina. Hakuwa malaika, sigara alizivuta karibu maisha yake yote, na mapafu ndiyo yaliyomuua. Katika siku za mwisho, kitandani, aliomba wiski zaidi ya mara moja. Hakupewa. Alifariki Miami tarehe 24 Januari 1971, akiwa ametimiza miaka 36 bila tone.