Ngala na Shule za Kulesa

Ronald Ngala alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Alisoma Alliance na Makerere, akaongoza Shule ya Buxton, Mombasa, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu ya desturi za Wagiriama. Akiiongoza KADU, alitetea majimbo, ambayo Katiba ya 1963 iliyakabidhi elimu ya msingi. Lakini hazina ilibaki Nairobi. Mwaka 1964 chama kikavunjwa, na majimbo yakafuata. Ngala alifariki mwaka 1972.

Katiba ya 2010 imeziachia kaunti elimu ya awali. Shule za msingi zingali mikononi mwa Serikali Kuu. Mto Tana ufurikapo, wazazi wa Kulesa ndio waonao kwanza. Kwa maoni yangu, wapewe sauti pamoja na fungu. Madaraka yasiyo na fedha ni jina tupu.